Hodi kwa Shangazi wa Mwanakheri

Jana, baada ya chakula cha mchana, Mbwana Kitojo, fundi baiskeli, alijinyoosha mkekani, akaota amefika kwa kina Mwanakheri kuposa. Mwaka mzima alikuwa akisema kesho. Ndotoni hakusita hata kidogo.

Ila ua wa nyumba ulikuwa utando. Alipoukanyaga, nyayo zikanasa. Alipojaribu kujikwamua, akanasa zaidi.

"Tulia," akasema mshenga wake, buibui dume mdogo kama punje ya choroko. "Anayefurukuta ni mlo. Anayebisha hodi ni mgeni. Mwenye nyumba haoni vizuri, husikia kwa miguu."

Kutoka kona ya juu anashuka Shangazi Mwanamvua, aliyemlea Mwanakheri. Ana miguu minane na amevaa buibui jeusi. Anamfikia Mbwana, anaanza kumviringishia hariri vifundoni, taratibu, kama afungaye sambusa.

Mbwana haogopi. Ananyoosha kidole, anagonga uzi kwa mpigo wa hodi.

Shangazi anaacha. "Kumbe mgeni. Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Wengi hujileta," anasema shangazi. "Huwa watamu."

Mshenga anamvua Mbwana kiatu cha kushoto, anakizungushia hariri mpaka kinang'aa, anakikabidhi kama nzi aliyenona. "Wakati anafungua, sema haraka," ananong'ona. "Mimi nilipoposa niliongea polepole, nikaondoka na miguu sita."

Shangazi anafungua, anatafuna. Utando unageuka sebule.

"Nimekuja kumposa Mwanakheri," anasema Mbwana. "Simtaki mwingine, na siondoki bila jibu."

"Nimekubali," anajibu Mwanakheri kutoka kwenye kochi, akifuma kitambaa. "Ila ondoka kabla shangazi hajamaliza kiatu."

Mbwana akajirusha dirishani, akaamka mkekani.

Kiatu cha kushoto hakikuonekana. Alitafuta mvunguni, akatafuta uani, mwishowe akavaa kandambili, akaenda kwa kina Mwanakheri jua likiwa bado kali.

Kabla hajabisha hodi, mlango ulifunguliwa. Shangazi Mwanamvua alisimama pale kwa miguu miwili tu, akichokonoa meno kwa kijiti.

"Ngozi ya kiatu chako ngumu, baba," alisema. "Karibu ndani. Jibu ulishapewa, yaliyobaki ni ya wazee."