Mwaka wa Themanini na Tisa

Neno UONGO lilikuwa limekaa kwenye kompyuta yangu, jekundu, kubwa, na chini yake jina langu: Pan Jui-chen. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Saa sita kamili lingechapishwa, na mgombea Tseng angeumbuka mbele ya Taiwan nzima.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Miezi minane nilikuwa nikikagua kauli za wanasiasa bila kutia jina langu. Hii ilikuwa hukumu yangu ya kwanza. Na kuipata kwa Tseng, mzee wa tambo, aliyewahi kusema kwamba sisi wakaguzi ni watoto, hata wali hatujui kupika! Katika mdahalo alidai kuwa kuanzia mwaka 89 hadi 93 viwanda vya viatu vya kaunti yetu viliongeza wafanyakazi kwa robo nzima. Mimi nikafukua jedwali la zamani: kutoka 1989 hadi 1993 walipungua kwa theluthi. Nilikuwa nimemshika pabaya. Dada Hsieh, mhariri wetu, aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nina hakika kama ninavyoijua siku yangu ya kuzaliwa.

Kiherehere kikanipanda. Nikatoka ngazini kumpigia baba, ambaye kila Jumapili tukila hunikera kwa kumsifu Tseng.

"Baba, leo mtu wako kwisha. Eti viwanda vya viatu viliongeza watu kuanzia mwaka themanini na tisa."

"Sasa uongo uko wapi?" Alikuwa anatafuna. "Mwaka huo walituita kiwandani hata Jumapili. Si ndiyo maana ulizaliwa mimi niko zamu, nina gundi mpaka kwenye kope? Mama yako hajanisamehe hadi leo."

"Baba, mimi nimezaliwa mwaka elfu mbili."

"Ndiyo. Themanini na tisa. Kwani kitambulisho chako kimeandikwaje, A-chen?"

Nikakichomoa mfukoni: 89. Sisi tuna hesabu mbili za miaka, na ile ya Jamhuri, iliyoanza 1912, ndiyo inayojazwa kwenye fomu zetu zote. Mwaka 89 wa Jamhuri ni 2000. Tseng alisema kama wasemavyo watu wa rika lake, nami kwa uchu wa kumla nyama nikasikia nilichotaka kusikia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Zilibaki dakika kumi na saba. Dada Hsieh hakunifokea. Alivuta kiti, akaanza kunisomea majedwali ya kaunti huku nikiandika. Mwaka 2000, watu 8,212. Mwaka 2004, watu 10,290. Robo, na ziada kidogo. Ajabu, furaha haikuniacha. Ilizidi, sasa ikiwa na woga ndani yake. Ilipobaki dakika moja nilifuta lile neno jekundu nikaweka la kijani: KWELI. Tseng bado simpendi. Jina langu nililiacha pale pale.

Dada Hsieh akataka kujua nimegutuka vipi. Nikatoa kitambulisho, nikamwekea kidole kwenye mwaka wa kuzaliwa. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilikuwa nikiitazama ile 8,212. Mmoja wao, siku niliyozaliwa, alikuwa na gundi kwenye kope, akisubiri zamu iishe aje kuniona.