Nukta Tatu Chini ya Zulia

Gari lenyewe nitalieleza haraka, maana nikianza kulisifia sitamaliza. Milango miwili, rangi ya majivu, liko chini mpaka paka akitaka kupita lazima ainame. Injini iko nyuma, mzigo unakaa mbele. Ukiliwasha tu, vioo vya nyumba ya jirani vinaitikia. Lilishapita mikono mitatu, ndiyo maana mtu kama baba yangu alithubutu hata kuuliza bei.

Baba alikuwa dereva. Miaka ishirini na sita alimwendesha bosi mmoja na familia yake, asubuhi ofisini, jioni nyumbani, Jumapili kwa wakwe. Mwezi uliopita akastaafu, akapewa kiinua mgongo, na siku hiyohiyo akatutangazia kwamba kabla hajafa anataka kuendesha gari la maana bila mtu wa kukaa nyuma na kumwambia punguza mwendo.

Mama kwanza alidhani utani. Paa letu linavuja vyumba viwili, na kichwani mwake zile pesa zilishakuwa mabati. Akamuuliza gari la viti viwili, mimi nikishakaa, yeye atamweka wapi, kwenye buti? Baba akamwambia buti la gari hilo liko mbele. "Afadhali," mama akasema, "nitakuwa nafika kabla yako."

Walibishana siku tatu. Mwishoni mama akatoa sharti moja: baba mdogo alikague. Baba mdogo akisema ni zima, yeye hatafungua mdomo tena, hata mvua imwagikie kitandani.

Baba mdogo ni fundi bodi. Mtaani wanamwita Rula, kwa sababu gari akishalinyoosha unaweza kulipigia mstari. Babu alikufa yeye akiwa mdogo, baba ndiye aliyemlea, akamlipia ufundi, akamnunulia hata viatu vya kwanza vya kazi. Kwa hiyo kwetu, jambo likiwa la chuma, neno la baba mdogo ndilo la mwisho. Hatuna rufaa.

Jumanne tukaenda yadi, sisi watatu. Dalali wa pale anaitwa Bingwa, kwa sababu kila mteja kwake ni bingwa. Alimwambia baba gari lilikuwa linamsubiri yeye tu, kwamba wengine wote waliokuja walikuwa wanapiga picha na kuondoka. Akanitazama mimi na simu yangu. Nikaishusha kidogo.

Baba mdogo hakusalimia sana. Alitoa sumaku yake, ameifunga kitambaa isikwaruze rangi, akaanza kuitembeza. Kama hujui, bodi iliyobonyea wengine huijaza puti halafu wanapaka rangi juu, na puti siyo chuma, kwa hiyo sumaku ikifika pale inaanguka. Haikuanguka popote. Boneti, mlango, ubavu wote mpaka nyuma, inashika tu. Baba alikuwa anamfuata hatua kwa hatua, anachekacheka kama bwana harusi anayehesabiwa sifa za bibi harusi.

Ndipo baba mdogo akaniambia nimmulike na simu. Alishafungua mlango wa dereva, amepiga magoti, anainua zulia nyuma ya kiti. Nikamulika. Chini kulikuwa na chuma kitupu, mstari mmoja mrefu uliochomelewa vizuri sana, umepigwa msasa, na pembeni yake nukta tatu ndogo zilizogongwa kwa msumari, zimekaa kama mawe ya jiko.

Alizitazama muda mrefu. Halafu akalirudisha zulia taratibu, akalilaza, akalilainisha na kiganja, unavyomfunika mgonjwa aliyelala. Mimi nilishapiga picha. Sikuwa na sababu, mimi napiga picha kila kitu.

Baba akamwambia, mbele ya Bingwa, "Haya mdogo wangu. Wewe ndiye macho yangu. Nichukue, nisichukue?"

Baba mdogo alijifuta mikono na kile kitambaa cha sumaku. Alifuta kidole kimoja kimoja.

"Bodi nzima," akasema. "Hata puti hamna."

Na kweli puti haikuwamo. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kwamba hakudanganya hata neno moja.

Baba akapeana mkono na Bingwa. Pesa zingetoka benki Ijumaa, Bingwa akasema yeye na bingwa mwenzake hawahitaji kuandikiana, Ijumaa hiyo hapo.

Usiku ule nilikuza ile picha. Nukta tatu. Nilizijua. Geti letu alilolitengeneza baba mdogo, chini ya bawaba zipo. Jiko la mama, chini ya mguu mmoja, zipo. Bwana mkubwa aliyemfundisha kazi aliwazoesha wanafunzi wake wote hivyo: kila mmoja na alama yake, ili kazi ikirudi na lawama ijulikane irudi kwa nani. Yaani baba mdogo hangeweza kuacha kuzigonga hata kwa kazi ya aibu. Mkono wake ulishazoea.

Jumatano nikamfuata gereji. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, hafanyi kitu, na si mtu wa kukaa. Nikamwonyesha simu. Hakukataa. Alimtuma mwenzake dukani akanunue misasa, akasubiri aondoke, akanieleza.

Miaka tisa iliyopita, alipokuwa ameajiriwa kwenye gereji kubwa, tajiri wake aliletewa magari manne ya aina ile, yote yameharibika, mawili mbele, mawili nyuma. Pale wenyewe kazi hiyo walikuwa wanaiita ndoa. Unachukua mbele nzima ya hili, unachukua nyuma nzima ya lile, unakata katikati kwa grenda, unachomelea, unapaka rangi, unauza kama gari moja ambalo halijawahi hata kukwaruzwa. Alifungisha ndoa mbili. Tajiri alimwambia yanapelekwa mbali, na kwamba akikataa, wa kukubali wako kwenye foleni nje ya geti. Wakati huo mwanawe wa kwanza ndiyo anazaliwa.

Nikamuuliza gari kama hilo lina shida gani kama limechomelewa vizuri.

"Likiegeshwa halina shida," akasema. "Likigonga kitu kwa kasi, linaachana palepale nilipolishika."

Nikamuuliza la pili liko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao.

"La pili unalijua, mwanangu. Baba yako ndiye aliyekwenda kulizoa."

Jamani. Kila mtu kwetu analijua hilo gari. Miaka sita iliyopita mtoto wa mwisho wa bosi wa baba aligonga ukingo wa barabara na gari la michezo alilonunuliwa kwa kumaliza chuo. Gari lilikatika vipande viwili nyuma ya viti. Bosi alikuwa safarini, kwa hiyo aliyeitwa ni dereva. Baba ndiye aliyemfundisha yule kijana kuendesha, tangu hajaifikia pedali. Alikwenda na shuka mbili. Aliporudi alikaa pale sebuleni na viatu, na jambo moja tu alilosema ni kuuliza kama aliyechomelea lile gari na yeye amezaliwa na mwanamke. Baba mdogo alikuwepo siku hiyo. Nakumbuka aliomba maji.

Kumbe kesho yake alikwenda kuliangalia kule lilikowekwa, akainua zulia. Miaka sita anajua. Miaka sita anakuja kwetu kila Jumapili, anakula na kaka yake sahani moja.

Nikamwambia amwambie baba leo. Akasema ndiyo, lakini aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, nisimtangulie. Akaomba mpaka Ijumaa kabla ya benki. "Siku mbili, mwanangu. Nimekaa nalo miaka sita, siku mbili haziui mtu."

Nikamkubalia. Hilo ni langu, simsukumii mtu.

Alhamisi nzima baba alikuwa anaimba. Alipima kibaraza kwa hatua kuona kama gari litaingia, akahamisha ndoo za mama. Mama akamwambia azirudishe, mvua ikinyesha gari lake litakinga? Mimi nilikuwa nashika simu, naiweka. Nilimwandikia baba mdogo: leo? Akajibu: kesho asubuhi. Nikaandika tena, hakujibu.

Ijumaa saa mbili akaja. Baba alishavaa, kitabu cha benki kiko mezani, chai imepoa kwa sababu hakuweza kutulia ainywe. Baba mdogo hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti, kuanzia magari manne mpaka zulia la Jumanne. Hakujitetea kwa kumtaja tajiri wala mtoto aliyekuwa anazaliwa.

Baba alikuwa anakitazama kitabu cha benki.

"Lile la kijana," akasema. "Nalo lina alama?"

"Linayo, kaka."

"Uliiona."

"Niliiona."

Baba akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Nilidhani atampiga. Na nadhani hata baba mdogo alidhani hivyo, maana aliachia kile kiti na kushusha mikono. Lakini baba akamuuliza tu, kwa sauti ya kazi, ile aliyokuwa anamuulizia bosi wanapita njia ipi: gari la kule yadi linaweza kurekebishwa? Baba mdogo akasema haliwezi. Sasa lifanywe nini, baba akauliza. Akasema dawa yake ni kulikata tena, vipande vidogo, liuzwe vyuma chakavu.

Mama ndiye aliyesema kile tulichokuwa wote tunakikwepa, kwamba tukiacha kulinunua haina maana limekufa. Limebaki pale, linang'aa, linamsubiri bingwa mwingine.

"Na mabati?" baba akamuuliza.

Mama alitazama juu, pale dari lilipoingia madoa. "Ndoo ninazo," akasema.

Kwa hiyo waliamua kulinunua. Kiinua mgongo chote cha miaka ishirini na sita, gari linunuliwe liletwe gereji, likatwe siku hiyohiyo. Baba mdogo akasema atakuwa anarudisha kidogokidogo, baba akamwambia asimsemeshe habari za pesa sasa hivi. Baba akampigia Bingwa kumwambia anakuja.

Bingwa akasema gari limeondoka jana jioni.

Kijana mmoja alikuja na pesa mkononi, kalizunguka mara moja, kapenda mlio, kachukua. Baba akamweleza gari lile ni nini. Alimweleza kwa upole kabisa. Tulimsikia Bingwa akicheka, akasema bingwa, ukikosa mke usimwite mchawi, na namba ya mteja hatoi.

Nilimpata ndani ya dakika tano. Bingwa mwenyewe alishaweka picha mtandaoni, mteja ameegemea boneti, miwani ya jua, jina lake na akaunti yake. Umri wangu, au hata mdogo kwangu. Nikamwandikia, nikamtumia picha ya nukta tatu, nikamweleza, ainue zulia ajionee. Nikapiga. Alipokea, nikaweka sauti ya juu. Injini ilikuwa inanguruma nyuma yake.

Nilijikanyaga mpaka baba akaninyang'anya simu. Akamwambia yule kijana kwamba yeye ni dereva mstaafu, na kwamba alimwokota mtoto wa watu kutoka gari pacha la hilo, sehemu mbili tofauti, ya kwanza na ya pili zimeachana hatua kumi na nane, alizihesabu kwa sababu alikwenda na kurudi. "Simama hapo ulipo, mwanangu," akamwambia. "Zima. Shuka. Nitakupa pesa yako yote uliyotoa, nakuja nayo sasa hivi."

Kwa kitambo tulisikia injini tu. Nilifikiri amesimama.

"Mzee," yule kijana akasema, na hakuwa na ubaya hata kidogo, alikuwa na furaha zake, "Bingwa kaniambia kuna mzee lilimtoka mkononi atanisumbua. Tafuta lako, yapo mengi." Akakata.

Nilipiga tena, akawa ameshanifungia. Nikachukua simu ya mama, iliita mpaka ikaisha. Mama akavaa kanga yake ya kutokea, akasema anakwenda polisi, angalau waandike. Baba akamwambia aende na mimi, mimi ndiye mwenye picha.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama palepale. Baba akamwambia, bila kumtazama, kwamba sisi tukienda polisi, wao wawili wanakwenda kwa mke wa bosi, mama wa yule kijana aliyekufa. Bosi alishafariki, mama yule yuko peke yake, na kila baba alipokuwa akimpeleka makaburini alikuwa anauliza swali lilelile, nani alilitengeneza lile gari, na baba kila mara anamjibu hajui.

"Nitasema nini, kaka?"

"Ulichoniambia mimi."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Akajitazama nguo za kazi, madoa ya rangi mpaka kwenye magoti, akauliza kama apite kwake kwanza abadilishe.

"Nenda hivyo hivyo," baba akasema, akatoka nje kumsubiri.