Vipande Vinavyoamkia

Asubuhi ya mtihani wa Misingi ya Mtandao na Intaneti, wanafunzi walivua viatu mlangoni kama kawaida, kwa sababu chuo kiliamini kwamba kompyuta na vumbi havipatani. Chuo kilikuwa ghorofani Mtaa wa Msimbazi, juu ya duka la vitambaa. Mwalimu Charmi alikuwa akizifunua kompyuta moja moja na kuvikunja vitambaa vya kufuma vilivyozifunika, vya aina ile ile inayowekwa juu ya redio sebuleni. Mektilda alipanga makubazi yake pembeni, mbali na raba za vijana, akaingia na soksi.

Mektilda alikuwa na duka la jumla la sufuria na mabakuli mtaa wa pili. Duka lilikuwa la mumewe, Benedict, na Benedict alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kiliruhusiwa kuingia nchini na kila kitu kiliingia, na neno intaneti lilikuwa limeandikwa kwenye mabango mengi ya Kariakoo kuliko sehemu ambazo intaneti yenyewe ilikuwa imefika.

Baada ya matanga, ukoo ulikaa kikao. Gaudens, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa wakala wa kutoa mizigo Bandarini na ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alisema biashara ya siku hizi inataka kompyuta, kwa hiyo duka aliendeshe mtu anayejua intaneti. Shemeji yake akasome. Siku ya mtihani amtumie barua kwa kompyuta. Ikimfikia ofisini kabla hajatoka kwenda kula chakula cha mchana, duka ni la Mektilda. Isipofika, yeye Gaudens atalitunza kwa niaba ya ukoo. Chuo alikichagua yeye mwenyewe na karo akalipa yeye. Watu walisifu moyo wake. Hakuna aliyemuuliza kama yeye anaijua hiyo intaneti. Alikuwa na kompyuta mezani, na hilo lilitosha.

Mtihani ulianza na maswali ya kuandika. Mektilda aliulizwa ruta inafanya kazi gani. Aliandika kwamba ruta ni mwenye duka ambaye bidhaa unayotaka hana, lakini anamjua jirani aliye nayo. Charmi alipita nyuma yake, akasoma, akaweka alama ya vema kabla hata ya muda wa kusahihisha.

Yalipokwisha maswali, ikabaki sehemu ya vitendo, yaani kutuma barua pepe. Hapo Charmi akamwita Mektilda kwenye korido na kurudisha mlango nyuma yao.

"Mama, naona aibu kukwambia," alisema. "Ule waya wa intaneti hauendi popote. Umetoka dirishani, unaning'inia juu ya turubai la duka la baba hapo chini. Mwenye chuo anasema wataunganisha, tangu Diwali ya mwaka juzi anasema wataunganisha."

"Sasa sisi tulikuwa tunajifunza nini?"

"Mlichojifunza ni cha kweli. Mimi nimekisomea, nimefundisha vyote. Ni waya tu." Charmi alitazama sakafu. "Na shemeji yako anajua. Alikuja hapa kabla hujaandikishwa, akaniuliza kama kweli hatujaunganishwa. Nikamwambia kweli kabisa. Akauliza tena. Halafu akalipa karo."

Mektilda alikasirika. Akilini alimwona Gaudens akihesabu noti za karo kwa tabasamu, na watu wakimpigia makofi. Alitaka kulia, lakini muda wa kulia haukuwepo.

"Waya una mwisho?" aliuliza.

"Unao. Dirishani."

"Basi barua ina pa kutokea," alisema Mektilda, akarudi kwenye kiti chake.

Mtu ambaye hajawahi kufanya biashara Kariakoo anaweza kuona hilo ni jibu la mtu aliyechanganyikiwa. Lakini Kariakoo hakuna mwenye duka anayesema sina, wala anayesema sijui. Ukimwomba kifuniko cha sufuria asichokuwa nacho, atakuvutia kigoda ukae, kisha atatuma mtu kwa jirani, na jirani atatuma kwa jirani yake, na kifuniko kitakuja. Mektilda alikuwa amefanya kazi hiyo tangu Benedict alipoanza kuugua, na hakuwahi kuona mteja akirudi mikono mitupu.

Akaanza kuandika. Charmi alisimama nyuma yake akaona kwamba kila mstari unaanza na neno shikamoo.

"Mama, imeili haiandikwi hivyo. Salamu moja inatosha. Wengine hawaweki kabisa."

"Si ulitufundisha barua inakatwa vipande, na kila kipande kinasafiri peke yake?"

"Ndiyo."

"Na hakijui njia, kinaelekezwa tu na kila kinayemkuta?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mwalimu, kitamuuliza mtu njia bila kumwamkia?"

Charmi alifikiria kila kitabu alichosoma, na hakukumbuka ukurasa unaokataza. Akamwacha aandike. Mektilda alimaliza, akabonyeza.

Vipande vilitoka mwisho wa waya kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa kiberiti na rangi ya mwanga wa kioo cha kompyuta, na kwenye paji kiliandikwa kinakotoka na kinakokwenda. Vilidondokea kwenye turubai la Mzee Ravindra, baba yake Charmi, vikateleza hadi kaunta yake.

"Shikamoo," kilisema cha kwanza. "Naenda Bandarini, kwa Gaudens."

"Marahaba," alijibu Mzee Ravindra, huku akipima satini. "Bandarini mimi siendi siku hizi, miguu. Nenda pale kona kwa muuza taa, mwambie Ravindra amekutuma."

Vipande vya wanafunzi wengine vilidondoka pia, lakini vilikuwa vimeandikwa kisasa. Kimoja kilimtazama mzee usoni kikasema, "Mambo?" Mzee Ravindra aliendelea kupima satini. Vile vyote visivyo na salamu vilibaki juu ya turubai vikiota jua, hadi jioni upepo ulipovipeperusha.

Vya Mektilda vilienda. Havikupita njia moja, kwa sababu kila mtu alivielekeza kwa jirani anayemwamini. Kimoja kilipanda mkokoteni wa mikeka. Kingine kilipitishwa madukani kwa ndani, mlango kwa mlango, bila kukanyaga barabara. Kipo kilichomwamkia kijana anayeuza karanga, ambaye tangu aje mjini hakuna aliyewahi kumpa shikamoo, na kijana huyo aliiacha sinia ya karanga chini ya ulinzi wa mwenzake na kukisindikiza hadi karibu na reli. Mlinzi wa geti la Bandari alisoma paji la kila kimoja, akaitikia marahaba, akainua kizuizi kama anavyoinulia lori.

Ofisini, Gaudens alikuwa amekwisha kuvaa koti la kutokea. Mzee Benjamini, mkubwa wa ukoo, alikaa mbele ya kompyuta na kofia yake gotini, kwa kuwa kikao kilimtuma awe shahidi.

"Haiji, mzee," alisema Gaudens kwa upole. "Shemeji amejitahidi, lakini mambo haya si ya kila mtu. Twende tukale."

Kipande cha kwanza kiliingia chini ya mlango. Kilijifuta tope la Msimbazi kwenye zulia, kikapanda mguu wa meza na kuingia kwenye kompyuta kwa nyuma. Mstari ukatokea kwenye kioo. Mzee Benjamini alivaa miwani.

"Shikamoo. Ni mimi Mektilda, mke wa marehemu Benedict," alisoma. "Marahaba, mama."

Kila kilichofika na kuitikiwa kilimrudishia mtumaji neno. Huko Msimbazi, marahaba ya kwanza ilipanda waya, ikaingia dirishani na kukaa kwenye kioo cha Mektilda. Charmi alishika mgongo wa kiti. Wanafunzi waliacha mtihani wao wakaja na soksi zao kusimama nyuma.

"Shikamoo. Naandika kutoka chuo alichonichagulia shemeji," alisoma Mzee Benjamini. "Marahaba."

Gaudens alivua koti.

"Shikamoo. Waya wa chuo hiki hauendi popote, na shemeji alijua tangu mwanzo." Mzee Benjamini alimtazama Gaudens juu ya miwani. Gaudens alitazama kalenda ukutani. "Marahaba," alisema mzee, na kuendelea.

Mstari uliofuata haukuwepo. Chini yake, baada ya nafasi tupu, palisomeka, "Shikamoo. Wateja wa Songea na Mbeya wananijua mimi, maana ndiye niliyewauzia wakati Benedict yuko kitandani. Kwaheri ya kuonana."

"Barua ina tobo," alisema Gaudens. Sauti yake ilichangamka tena. "Barua yenye tobo haijafika. Mzee, njaa inauma." Akanyoosha mkono kuizima kompyuta.

"Toa mkono," alisema Mzee Benjamini. "Kilichobaki nacho kitakuja na shikamoo. Tutakiitikiaje umezima?"

Kilichobaki kilikuwa sokoni Mchikichini. Muuza taa alikuwa amekituma kwa jamaa yake wa viatu, huyo akakiweka juu ya robota la mitumba, na robota likafunguliwa kwa fujo ya asubuhi. Kipande kikaangukia mfukoni mwa koti la wanaume. Zena, mwenye meza hiyo, alikuwa akimvisha mteja koti na kumsifia mabega pale aliposikia shikamoo kutoka mfukoni.

"Marahaba," alisema Zena. "Ngoja kaka, humu ndani kuna msafiri." Alikitoa, akasoma paji, akampungia dereva wa lori lililokuwa likirudi Bandarini kuchukua marobota mengine. "Mpeleke huyu. Na usimweke kwenye jua."

Dereva alikiweka kwenye dashibodi na kukifunika kwa kofia yake.

Mektilda alihesabu marahaba zake akaona mstari mmoja haujajibiwa, na ndio uliobeba barua yote. Alimgeukia Charmi.

"Kisipojibiwa tunafanyaje? Ulitufundisha."

"Unakituma tena," alisema Charmi. "Kile kile, bila kubadilisha neno."

Akakituma tena. Safari hii Kariakoo ilikuwa imeshajua. Mzee Ravindra hakusubiri kumaliza kukiitikia, alinyoosha ubao wake wa kupimia, na muuza taa akanyoosha wake, na kile kipande kilipitishwa kutoka mkono hadi mkono juu ya vichwa vya watu, kikiamkia upande huu na upande ule, na mtaa mzima ukiitikia. Wateja walisogea ukutani kupisha. Muuza taa alieleza baadaye kwamba marahaba zilisikika mpaka Mnazi Mmoja.

Vipande viwili, kilichopotea na nakala yake, vilikutana mlangoni pa ofisi ya Gaudens wakati mmoja. Vilijifuta tope kwa zamu. Kwa kawaida, kama Charmi alivyoeleza darasani, kompyuta hutupa kile kinachojirudia. Ile ya Gaudens haikutupa.

"Shikamoo. Duka nitaliendesha mimi mwenyewe," alisoma Mzee Benjamini. "Marahaba." Akasogeza miwani. "Shikamoo. Duka nitaliendesha mimi mwenyewe. Marahaba." Mara ya pili alisoma kwa sauti ya kanisani, na makarani wa chumba cha pili wakaja mlangoni kusikiliza.

"Imefika," alisema mzee, akavaa kofia. "Sasa tukale."

Marahaba mbili zilipanda waya pamoja. Mektilda aliziona, akasimama, akacheka, kisha akalia kile kilio alichokiahirisha kwenye korido. Darasa zima lilipiga vigelegele, wavulana pia, kwa namna yao. Chini, Mzee Ravindra aligonga kaunta kwa ubao wa kupimia, na wenye maduka ya jirani wakagonga walichokuwa nacho. Mtaa wa pili waligonga sufuria za Mektilda, na nyingine zilibonyea, na hakumdai mtu.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili hiyo. Duka lilithibitishwa kuwa la Mektilda. Gaudens alikuwa kwenye kiti chake cha mwenyekiti. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyeona mbali akamchagulia shemeji chuo bora, na watu wakampigia makofi. Mektilda alisimama akauliza vipi kuhusu ule mstari wa waya. Mzee Benjamini alisema mstari ule ulisomwa na ukaitikiwa, kwa hiyo umekwisha. Vikaletwa vinywaji.

Chuo nacho kilipaka bango jipya lenye maneno Intaneti ya Kasi, kikapandisha karo. Waya haukuguswa. Mzee Ravindra aliinamisha turubai lake kidogo ili vipande viteleze vizuri, na Mektilda, akiwa dukani kwake, alizoea kuitikia vinavyopita na kuvielekeza huku akimfungia mteja mabakuli.

Mwaka haukuisha kabla Gaudens hajalipa karo nyingine kwenye chuo kile kile. Safari hii ilikuwa ya Evelyn, mjane wa mdogo wao wa mwisho, aliyeachiwa duka la mabati. Masharti yalikuwa yale yale, na makofi pia.

Siku ya kwanza ya masomo, Evelyn alimkuta Mektilda amekaa kwenye ngazi za chuo akimsubiri. Mektilda alimwonyesha pa kuweka viatu, mbali na raba za vijana.

"Mwalimu ni mzuri, msikilize kila kitu," alimwambia. "Waya hauendi popote, usihangaike nao. Ila kila kipande kiamkie."