Visahani vya Kapu la Tano

"Hiyo haihesabiki!"

"Inahesabika, bwana, kisahani hakijagusa chi—"

"Kapu ni lile kule, Hosaka-san! Chako kimening'inia hewani kama soksi ya—"

"Basi panda ukakitoe. Si ndiyo kazi ya manispaa?"

Mzee Hosaka na Kuramochi, mkuu wa idara ya dharura ya manispaa, walibishana hivyo kila Jumapili kwenye kiwanja cha kurushia visahani vya plastiki kwenye makapu tisa, kando ya mto Nagusa. Kucheza ni bure: unaandika jina kibandani, unaazima visahani, ukimaliza unarudisha.

Vya kapu la tano havirudi. Tangu mafuriko ya mwaka juzi, kisahani kikirushwa pale husimama hewani, kimo kilekile, kikabaki. Vimefika arobaini na moja. Kunguru hutua juu yake. Wachezaji hujiongezea pigo moja la adhabu wakaenda kapu la sita.

Hosaka alikijua kimo kile. Maji yaliishia hapo siku Tomie, mkewe, alipokufa nyumbani kwao, ng'ambo ya uzio wa kiwanja. King'ora kilichelewa: karatasi ya kukiwasha ilitaka mihuri mitano, na mwenye mhuri wa nne, Kuramochi, alikuwa ametoka kula tambi. Ripoti ikaja kusema maji yalifika magotini, marehemu alizama kwa uzembe wake. Nayo ina mhuri wa Kuramochi.

Hosaka alitaka mstari huo tu ufutwe. Kila Jumapili aliomba. Kila Jumapili Kuramochi alisema, "Twende la sita."

Jumapili hiyo alikuja binti mfanyakazi wa manispaa, Iwakiri, na fimbo ya kupimia. Akapima kimo cha visahani mara mbili.

"Mita mbili na robo."

"Andika," Hosaka akasema.

"Nimeandika, babu. Visahani arobaini na moja, vimepotea."

"Na maji?"

"Maji yalishapigwa mhuri."

Akainama kwa adabu, akaenda zake. Hosaka akaokota mfuko wake.

Kuramochi hakutaja la sita. Alivua miwani, akaitumbukiza ndani ya kofia, akaiweka kofia kwenye nyasi. Halafu akavua viatu, akavipanga sambamba kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Hosaka-san," akasema, "nibebe mabegani. Kichwa changu kifike pale maji yalipofika. Nikilia, usinishushe."