Chatu Aliyefunga Choo

Tumbo la chatu lilikuwa limevimba karibu na mkia, likawa kama soksi iliyosahauliwa kiazi ndani. Walburga aliinamia kreti lililofunikwa kwa wavu wa kuku, akalitazama tumbo lile asijue kama kinachompanda kifuani ni furaha au woga. Tangu mnyama huyo aingie nyumbani kwake Mfaranyaki, mjini Songea, hakuna alichokiomba kwa bidii kama kifo chake. Sasa kifo kilikuwa kinapiga hodi, naye alijikuta amesimama mlangoni kukizuia.

Chatu alikuwa wa Rupert, mumewe. Rupert alipunguzwa kazi kwenye ghala la tumbaku, miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoambiwa ajitafutie. Akasikia kwamba wapo wafanyabiashara wanaosafirisha nyoka hai hadi Ulaya, akamleta huyu kutoka Mpitimbi ndani ya gunia, mnene kama mchi. Mnunuzi aliyeahidi kuja hakutokea. Kisha habari za vito zikavuma kutoka Tunduru, na Rupert akafunga virago.

“Mtunze huyu,” alimwambia mkewe. “Nitarudi kumchukua.”

Hakutaja mwingine atakayemrudia. Masika yalipita, kipupwe kikaingia, na Rupert akawa kimya. Walburga alianza kuhesabu kwamba kama kipo kitu cha kumrudisha mumewe, basi kimelala kwenye kreti lile, na sasa kimefunga choo.

Jirani yake Asumpta alimshauri amwache afe, kwani aliyetibu nyoka hana wa kumlaumu akiumwa. Walburga aliitikia kwa kichwa, kisha akajitanda khanga na kwenda kwa bwana mifugo, Swalehe, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Songea. Alitegemea kuchekwa. Swalehe alikuna kidevu tu, akakiri kwamba yeye ni wa ng'ombe na mbuzi, nyoka hajaletewa hata mmoja. Hata hivyo aliuliza amekula nini na analala wapi. Aliposikia kwamba analala juu ya saruji, nyuma ya mlango wa uani, alitikisa kichwa.

“Baridi hii inatutesa sisi wenye damu moto, sembuse yeye ambaye joto analiazima,” alisema. “Akilikosa, chakula kinamlalia tumboni kama jiwe. Muweke kwenye maji ya uvuguvugu, mama, yasiwe ya moto. Na usimkamue tumbo.” Kisha akamtazama vizuri. “Lakini wewe mwenyewe unataka apone?”

“Sijui, bwana mifugo,” alijibu Walburga. “Ila asinifie mikononi.”

Alihamishia kreti jikoni, akajaza karai maji, akajipa moyo, akamshika. Alitarajia utelezi, alikuta ukavu laini, kama jalada la kitabu cha sala kilichoshikwa miaka mingi. Chatu alijinyoosha taratibu majini. Siku ya kwanza haikuleta kitu, wala ya pili. Kila maji yalipopoa aliongeza mengine, na kila alipoongeza alisema naye: kwanza akimsuta Rupert, kisha akiyatoa mambo ambayo hata padri hakuwahi kuyasikia. Alasiri moja maji yalichafuka ghafla, yakatoka mabonge meupe kama chaki, halafu uchafu mweusi wenye harufu ya kumfukuza mtu jikoni. Walburga hakukimbia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yaliendelea hata kicheko kilipokwisha.

Mwezi ulikuwa haujaisha alipokuja kijana mmoja, Goodluck, mchuuzi aliyetoka Tunduru. Alitoa shikamoo, akaeleza kwamba mzee Rupert anasalimu, amepata mnunuzi, na amemwagiza amchukue chatu.

“Yeye mwenyewe haji?”

“Hakuniambia kama atakuja, mama.”

Walburga aliutazama mfuko wa kitani alioushika kijana, mpya, wenye kamba ya kufungia.

“Mwambie amekufa,” alisema.

Kijana alimpa pole, akaukunja mfuko wake, akashika njia. Walburga alibaki kizingitini akisubiri majuto yamjie, au nafuu, na vyote viwili vikamkawilia. Aliporudi jikoni alimkuta chatu amejikunja, kichwa juu ya mgongo wake mwenyewe, ulimi ukitoka na kuingia, akiionja hewa aliyoiacha mgeni. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye kuliko alivyowahi kuketi, akangoja mwenyewe aelewe amefanya nini.