Vitufe Kumi na Sita

Watu walimwita Pasi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na waliocheza muziki wake harusini, wakasema dijei yule anaunganisha wimbo na wimbo mpaka huoni mkunjo. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mfupi, hana makuu, anayeingia ukumbini na kompyuta yake begani na kumtimua kila mlevi anayekuja kumwelekeza nyimbo za kupiga. Hakuwa akimwogopa mtu. Basi mwone sasa, Jumatatu asubuhi, amesimama nje ya duka la vyombo vya muziki anachungulia kioo kama mwizi, mkono wa kulia kauficha mfukoni.

Mkono huo ndio uliomleta.

Jumamosi iliyopita, bibi harusi alipokuwa anaingia, Pasi alishika slaida, kile kijiti kinachosukumwa kulia na kushoto kuhamisha sauti kutoka wimbo huu kwenda ule. Vidole vikaanza kutetemeka. Slaida nayo ikatetemeka, na wimbo ukatoka vipande vipande, ka-ka-ka-ka, mbele ya watu mia tatu. Na ukumbi je? Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele! Mshereheshaji akapayuka kwenye kipaza sauti, "Mnauona mkono huo? Rudia, Pasi, rudia!" Walidhani ni ufundi. Jamani, mtu kazi yake inamponyoka vidoleni, na watu wanampigia makofi.

Hakurudia. Angerudiaje? Mkono ule haukuwa ukitetemeka kwa kuagizwa.

Na ulikotoka alikujua vizuri. Mama yake alikuwa fundi cherehani, fundi hasa, wa kushonea maharusi. Kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, akasingizia macho. Kisha mkasi ukaanza kwenda upande. Mwisho kikombe. Daktari aliwaambia kwamba ni tetemeko linalokuja mkono ukiwa kazini, na likizidi zaidi mtu akitazamwa. Haliui, alisema, ila katika baadhi ya familia mzazi humwachia mtoto. Mama hakufa, kweli. Cherehani ndiyo iliyokufa. Sasa ipo pembeni ya sebule, imefunikwa shuka, juu yake wameweka redio.

Kwa hiyo tangu mwaka jana, kalamu ilipomchezea benki hadi karani akamtaka arudie saini, Pasi aliishi roho mkononi. Hakumwambia mtu. Alinunua chupa ya chai ya kubonyeza juu, ile isiyohitaji kuinamishwa, akasema ni kwa ajili ya mama. Vikombe akavijaza nusu. Usiku alilala ameulalia mkono, kana kwamba utatoroka. Nani atamwita harusini dijei anayetetemeka? Watasema amelewa, na mwenye kupewa sifa ya ulevi kwenye kazi ile ajihesabu amestaafu.

Alipiga moyo konde, akaingia dukani.

"Karibu, dada," muuzaji alisema. Alikuwa kijana wa miraba minne, shingoni ana waya tatu kama mikufu. Pasi akaonyesha kwa kidevu kisanduku cheusi kwenye rafu, kipana kama kitabu cha hesabu cha shule, chenye vitufe vya mpira kumi na sita.

"Hii yenyewe haina sauti," muuzaji alieleza. "Kontrola tu. Unaichomeka kwenye kompyuta, ukibonyeza kitufe inaiambia kompyuta: anza, simama, ruka, punguza. Haina sahani za kuzungusha, haina slaida. Sasa nisikudanganye, wengi wanainunua kutengenezea biti nyumbani. Dijei wa harusi ataikinai siku mbili."

"Lakini nyimbo zinaunganika?"

"Zinaunganika, ukishaipangia kila kitufe kazi yake. Lakini wewe si ndiye Pasi? Wewe wa kujifunga na vitufe kweli? Mikono ile!" Akachomoa simu. "Tazama. Hii video imenijia mara nne tangu jana."

Aliyepiga picha ile alikuwa amesogea karibu, mkono umejaa kioo kizima. Hakuwa na haja ya kuambiwa ni wa nani. Ulikuwa mkono wa mama yake, na pete yake yeye kidoleni.

"Siku moja unifundishe ule mkato," muuzaji alisema, macho yanang'aa.

"Siku moja," Pasi akajibu.

Alijaribu vitufe pale pale kaunta. Mkono ukatulia tuli, umetulia kama haujawahi kumfanyia kitu. Akabonyeza kimoja, akabonyeza vyote, kila kimoja kikaitika mara moja. Hapo ndipo kijasho kilipomtoka. Maana sasa atajuaje itakuwaje mkono ukitetemeka? Slaida ikitetemeshwa, wimbo unakatika-katika na watu wanashangilia. Lakini kitufe kile kile kinachoanzisha wimbo ndicho kinachousimamisha. Kidole kikitetemeka kikabonyeza mara mbili, wimbo unaanza na kuzimika hapo hapo. Bibi harusi mlangoni, watu mia tatu, kimya. Kimya hakuna atakayekiita ufundi.

Muuzaji alimwona anasitasita, akamwambia achukue ya maonyesho akaijaribu hadi Jumatano, tunajuana bwana.

Nyumbani aliichomeka kwenye kompyuta mezani, akabonyeza mchana kutwa. Safi. Tena safi. Mkono ulimfanyia adabu kiasi cha kumtia hofu zaidi, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi nyingine, na alijua fika kwamba mkono ule ulikuwa unamsubiri huko. Kujaribu kwa mkono uliotulia ni kujidanganya. Alihitaji mkono unaotetemeka, na nyumba ile ilikuwa nao, umekaa kwenye kochi unasikiliza redio.

Wazo lilimjia akalifukuza. Likarudi. Hebu fikiria, kumfanya mama yako kipimo! Lakini hofu haina haya, na Pasi alikuwa ameogopa kwa mwaka mzima.

"Mama, njoo uone mchezo," alisema kwa sauti ya uchangamfu iliyomshangaza mwenyewe. "Bonyeza hiki, muziki unaanza."

Mama alikuja akaketi, mwanamke mkavu wa miaka sitini na minane, miwani imening'inia kifuani. "Na nikikiharibu?"

"Hakiharibiki."

Mama alinyoosha kidole. Kadiri kilivyokaribia ndivyo kilivyozidi kucheza. Kikagusa. Ngoma ikalia nusu, ikazimika. Akagusa tena: ikalia, ikazimika, ikalia. Mara ya tatu, kimya kabisa.

Pasi alishika ukingo wa meza. Aliona kila kitu kwa mpigo: harusi zinapungua, simu haziiti, kompyuta pembeni ya sebule karibu na cherehani, nayo imefunikwa shuka.

Mama hakuwa akikitazama kisanduku. Alikuwa anamtazama yeye usoni, kwa muda mrefu, kama zamani alivyokuwa akitazama nguo iliyorudishwa na mteja.

"Mbona umekuwa mweupe kwa mchezo?" aliuliza.

"Nimechoka tu, mama."

"Haya." Mama alikivuta kisanduku karibu na tumbo lake. Safari hii hakunyoosha kidole. Alibana kiwiko ubavuni, akalaza kitako cha kiganja kwenye ukingo wa kisanduku, akakiegemeza uzito wote. Kisha akashusha dole gumba juu ya kitufe, akakandamiza, akabaki amekandamiza. Wimbo ukaanza. Akahesabu kwa midomo, bila sauti, hadi tatu, ndipo akainua mkono wote kwa pamoja. Wimbo ukaendelea.

Pasi alisogea karibu. "Umejifunza wapi hiyo?"

"Kwenye cherehani. Nilishonea hivi miaka miwili, na hakuna mteja aliyejua. Kitambaa ukikigusa-gusa kinakukimbia. Nilikuwa nakikandamiza, nangoja, kisha nainua." Akazima wimbo kwa namna ile ile, polepole. Kisha akasema, "Lako limeanza lini?"

"Lipi?"

"Usinifanye mtoto."

Pasi alijaribu kucheka. "Nani kakwambia?"

"Chupa ya chai," mama alisema. "Ulileta ile ya kubonyeza, ukasema umeninunulia mimi. Mwanangu, mimi sijajimiminia chai mwaka wa nne huu. Wewe ndiye unayenimiminia."

Machozi yalimtoka Pasi bila kuomba ruhusa. Mwaka mzima wa kuficha, wa vikombe nusu na mifuko mirefu, kumbe ameanikwa mezani kila asubuhi! Alihisi aibu, akahisi na hasira kidogo.

"Sasa kama ulijua, mbona hukuniuliza? Nimeogopa peke yangu humu ndani, mama. Peke yangu!"

Mama alivaa miwani, akaivua. Mikono ilimcheza mapajani naye akaiacha icheze.

"Niliogopa utasema ndiyo," alijibu. "Mkono huo hukuupata kwingine. Mimi ndiye niliyekupa."

Redio juu ya cherehani iliendelea kutangaza bei za vifaa vya ujenzi. Hakuna aliyeinuka kuizima. Pasi alimshika mama mkono, na kwa mara ya kwanza hakujali upi kati ya ile miwili ndio uliokuwa ukitetemeka.

Baadaye mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kinunue," alisema. "Lakini mwambie huyo wa dukani akupe chenye ukingo mpana, mahali pa kulaza kiganja. Hiki kimenibana. Na Jumamosi, bibi harusi anaingia kwa kitufe kipi?"

"Hiki cha kona."

"Nionyeshe."

Pasi alisogeza mkono. Na kwa kuwa alikuwa anatazamwa, sasa ndipo ulipokuja, ule wenyewe, wa Jumamosi, vidole vinacheza juu ya kitufe cha kona. Akabana kiwiko. Akalaza kiganja. Mama akaweka mkono wake juu ya ule wa binti, mzito, nao unatetemeka vile vile.

"Kandamiza."

Wakakandamiza. Wimbo wa bibi harusi ukaanza, ukajaza sebule, ukashika mdundo wake.

"Usiinue bado," mama alisema, ingawa wimbo ulikuwa umeshakwenda mbali.