Chumba Kilichofunguliwa Jana

Barua pepe ilimkuta Mwalimu Asumpta ofisini akisahihisha madaftari. Aliisoma kwenye simu, akairudia, kisha akaibwaga simu mezani hata mwalimu wa hisabati aliyekuwa akinywa uji pembeni akageuka.

"Vipi, Madam?"

"Watu wa mashindano wameikataa insha ya Nasrin. Hawajaisoma hata mstari mmoja. Wanataka iliyochapwa, siyo picha ya karatasi."

Asumpta alikuwa akifundisha Kichina katika Sekondari ya Lipumbi, shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Songea. Kwao ni Mbinga. Kichina alikisomea chuoni Dodoma, akarudi mkoani kwake akiwa na hamu ya kufundisha, na wakati huo ndipo alipompata Nasrin, binti wa wakulima wa korosho wa Tunduru. Msichana huyo alipoanza kidato cha kwanza alikuwa akiona aibu hata kuitikia jina lake. Sasa alikuwa kidato cha tatu, na insha aliyoiandika kwa mkono, juu ya mama yake na msimu wa korosho, Asumpta aliisoma akiwa amesimama kwa sababu alisahau kukaa. Mashindano yale ya insha za Kichina yalikuwa ya kidato cha tatu peke yake. Mwaka ukipita, basi.

Na hatua chache kutoka pale alipokaa, nyuma ya mlango wa bluu, kilikuwepo chumba kizima cha kompyuta. Marafiki wa shule kutoka China walizileta miaka miwili iliyopita. Siku ya kuzipokea palikuwa na ngoma na soda, kisha mlango ukafungwa, na ufunguo akakabidhiwa Mwalimu Leo wa baiolojia, kwa kuwa aliwahi kuhudhuria semina ya kompyuta.

Asumpta alikuwa amemwendea Leo mara nyingi.

"Hizo haziandiki Kichina, Madam," Leo alimjibu kila mara. "Kibodi zake ni za ABC."

"Kichina kinachapwa kwa ABC hiyohiyo. Unaandika sauti ya neno, kompyuta inakuletea maumbo yenye sauti hiyo, unachagua. Ni kuongeza lugha tu."

"Kuongeza kunataka pasiwedi. Na pasiwedi siwezi kumpa kila mtu."

Asumpta alikwenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Pankrasi. Mkuu alimsikiliza huku akipanga kalamu zake. "Vitu vya wafadhili havichezewi, Mwalimu Asumpta. Vikiharibika mimi nitasimama wapi?"

Sheria ya mashindano ilimtaka mwanafunzi achape mwenyewe, tena kwenye kompyuta, siyo simu. Siku ya mwisho ya kutuma insha alimwombea Nasrin ruhusa wakaenda steshenari moja ya mtaa wa Majengo, mjini. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Walikaa kwenye benchi nje ya duka mpaka jioni, umeme haukurudi, ndipo Asumpta akaipiga picha ile karatasi na kuituma hivyohivyo, akijua huenda ikakataliwa.

Alipompa Nasrin habari, msichana aliangalia chini.

"Sawa, Madam," alisema. Hakulia. Asumpta angependa alie.

Haukupita muda mrefu, Mwalimu Pankrasi akaingia ofisi ya walimu akiwa na furaha ya kupita kiasi. Wafadhili wa Kichina walikuwa wanakuja kesho. Walikuwa wakiongozwa na Madam Luo, mama aliyesimamia ule msaada wa kompyuta.

"Nataka wakute wanafunzi wanaandika Kichina," alisema. "Kwenye kompyuta. Moja iwe kwenye projekta, waandishi wapige picha. Mwalimu Asumpta, hiyo ni kazi yako."

Asumpta alisimama taratibu. "Mkuu, mwezi huu tu nilikuomba chumba hicho kwa mtoto mmoja, kwa insha moja."

"Yale yamepita. Sasa nimekupa chumba kizima, tena unalalamika?"

Walimu wengine wakainamia madaftari yao. Asumpta alihisi masikio yakimwaka moto, lakini alichukua mkoba akatoka, akawaita Nasrin na wenzake wanne.

Leo alifungua mlango. Ndani palinuka vumbi na plastiki mpya. Skrini zilikuwa bado zimevikwa mifuko zilizokuja nayo. Leo alikuwa amejiandaa kwa namna yake: alikuwa na mkasi na karatasi za gundi ambazo alizichapisha alama za Kichina alizozitoa mtandaoni.

"Nimeona tubandike hizi juu ya vitufe," alisema. "Wageni watafurahi."

"Mwalimu Leo, tafadhali kaa pale."

Asumpta alikaa mbele ya kompyuta ya kwanza, akaiunganisha na bando la simu yake, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya saa na lugha, akabofya pa kuongeza lugha. Akatafuta Kichina. Kilikuwepo kwenye orodha, kati ya lugha nyingine, kikisubiri kubofywa. Akabofya. Kidirisha kikauliza kama aendelee, ndiyo au hapana.

Alimgeukia Leo. "Pasiwedi."

Leo alisogea, akatazama skrini, akakuna shingo. "Imeomba?"

"Imeuliza ndiyo au hapana."

"Basi bonyeza ndiyo, tuone itakapoomba."

Alibonyeza ndiyo. Kile kistari cha kupakua kikaanza kutembea. Hakuna kilichoombwa. Kilipofika mwisho, karibu na saa, chini kulia, ikatokea alama ndogo ya Kichina. Alikwenda kompyuta ya pili. Vilevile. Ya tatu, vilevile.

"Mwalimu Leo," alisema, na wanafunzi waliokuwa wakivua skrini mifuko wakaacha mikono hewani, kwa sababu hawakuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. "Pasiwedi iko wapi?"

"Mimi nilijua ipo. Kompyuta za taasisi huwa nayo."

"Ulijua au ulidhani? Hukuwahi kujaribu?"

"Niliambiwa nitunze, Madam. Nimezitunza. Kuna iliyoharibika hapa?"

Miaka miwili! Asumpta angekuwa peke yake na Leo angesema maneno ambayo mtu hayarudishi. Aliwageukia wanafunzi, akawaonyesha kitufe cha kubadilisha lugha, akamkalisha Nasrin.

"Andika *men*."

Nasrin aliandika herufi tatu kwa kidole kimoja. Chini ya herufi hizo ikajitokeza safu ya maumbo yenye namba. Alisogeza uso karibu na skrini. Alikuwa ameyaandika yote kwa kalamu, kila mstari mahali pake, na sasa yamejileta yenyewe. La kwanza lilikuwa ile alama ya wingi, mtu kasimama kando ya mlango. La pili, mlango wenyewe. Mbele zaidi palikuwa na moyo uliofungiwa ndani ya mlango.

"Hili ni kuudhika," alisema Nasrin. "Kujaa moyoni. Siyo, Madam?"

"Ndilo."

"Ni rahisi hivi?"

Nasrin alimtazama mwalimu wake, akamtazama Leo, kisha akarudi kwenye kibodi akaanza kuchapa. Mpaka kengele ya chakula ilipolia vidole vyake vyote vilikuwa vimeshajua njia. Asumpta aliwapa sentensi ya kesho: *Karibuni Lipumbi. Tunawashukuru kwa kompyuta.*

Madam Luo alikuwa mama mfupi mwenye nywele fupi za mvi, aliyevaa raba. Alisalimia kwa Kiswahili cha kubahatisha, akakaa mbele. Mwalimu Pankrasi alihutubia kwa muda mrefu juu ya mapinduzi ya teknolojia shuleni kwake, Asumpta akitafsiri kila neno kwa meno yaliyobana. Kisha mkuu akamwashiria Nasrin aanze.

Nasrin aliandika. Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, ikasomeka kwa Kichina: *Karibuni Lipumbi. Tunawashukuru kwa kompyuta.* Watu wakapiga makofi. Nasrin hakuinua mikono kutoka kwenye kibodi.

*Chumba hiki kimefunguliwa jana,* akaandika. *Kabla ya jana hatukuruhusiwa kuingia. Insha yangu ilikataliwa kwa sababu sikuwa na pa kuichapa. Mkiondoka sijui kama tutaingia tena.*

Mwalimu Pankrasi alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. "Mnaona?" aliwaambia waandishi. "Watoto wa Ruvuma hao!" Leo naye alipiga. Wote wasiojua Kichina walishangilia, lakini makofi ya Madam Luo na wenzake wawili yalianza kupungua, yakaisha. Madam Luo alimgeukia Asumpta akamuuliza kwa sauti ya chini kama ilikuwa kweli.

"Anasemaje?" mkuu alidakia, bado akitabasamu.

Asumpta aliona jasho kwenye shingo ya Nasrin. Kwanza alimkasirikia yeye, kwa kumweka njia panda mbele ya watu bila kumwonya. Hasira hiyo haikudumu. Ilikuta nyingine kubwa zaidi imeshakaa.

"Anauliza kama alichoandika mwanafunzi ni kweli," alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Ameandika kwamba chumba hiki kimefunguliwa jana, na kabla ya hapo hawakuruhusiwa kuingia. Na kwamba insha yake ilikataliwa kwa kukosa pa kuichapa."

Makofi ya mwisho yalifia nyuma ya chumba. Mkuu alicheka kicheko kikavu.

"Mwambie ni utani. Watoto hawa wanapenda utani."

Asumpta alimgeukia mgeni. Alitafsiri neno kwa neno: mkuu wa shule anasema nikuambie kwamba ni utani. Kisha akaongeza, kwa Kichina hichohicho, kwamba yeye kama mwalimu wa somo anasema ni kweli.

Madam Luo hakupandisha sauti. Alisimama, akapita mstari mmoja wa kompyuta, akagusa skrini moja ya nyuma ambayo bado ilikuwa ndani ya mfuko wake. Halafu akasema kwamba kila mwezi angependa kupokea barua zilizochapwa na wanafunzi wenyewe, kila darasa, na kwamba atazisoma zote. Asumpta alitafsiri, Mwalimu Pankrasi akaitikia kwa kichwa mara nyingi mno.

Wageni walipoondoka, mlango wa ofisi ya mkuu ulifungwa kwa nguvu.

"Umeniaibisha!" alifoka Mwalimu Pankrasi. "Mbele ya waandishi! Ulishindwa kusema neno moja la kuokoa shule?"

"Shule gani, Mkuu? Shule ni hao watoto."

"Usinifundishe kazi. Huyo binti namsimamisha masomo. Aende kwao Tunduru akajifunze adabu."

"Msimamishe. Lakini barua ya wazazi ni lazima iwe na sababu. Andika kwamba amesema kweli kwa Kichina. Ukishaiandika nipe mimi, nitaitafsiri, Madam Luo naye aisome."

Mshipa ulimcheza mkuu kwenye paji la uso. "Toka ofisini kwangu," alisema.

Nasrin hakusimamishwa. Alipewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya bweni wiki nzima, na Asumpta alipewa barua ya onyo yenye neno "utovu" mara mbili. Mlango wa bluu ulifunguliwa kila alasiri kuanzia Jumatatu iliyofuata. Hakuna aliyetangaza kwamba umefunguliwa. Mkuu mwenyewe alikuwa akipita dirishani kuhakikisha barua za mwezi zinaandikwa.

Siku ya kwanza baada ya adhabu, Nasrin aliingia viganja vikiwa na malengelenge. Asumpta alikuwa peke yake akimalizia kuweka lugha kwenye kompyuta za mwisho.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Pole na mikono. Kaa, andika ile insha yako. Nitaituma kwa Madam Luo."

Nasrin alibaki amesimama. "Mashindano hayarudi."

"Hayarudi."

"Madam, naomba niulize. Wewe unajua hizi kompyuta kuliko Mwalimu Leo. Kwa nini ulikubali kwamba kuna pasiwedi?"

Asumpta aliacha kubofya. Alitafuta jibu, na kila alilolishika lilikuwa na jina la mtu mwingine ndani yake.

"Nilimwamini," alisema.

"Na mimi nilikuamini wewe," alisema Nasrin. Safari hii machozi yalikuja, ya mtu aliyekasirika mpaka mwisho. "Tulikaa kwenye lile benchi Majengo siku nzima, Madam. Siku nzima!"

"Najua. Una haki ya kukasirika. Hata kunikasirikia mimi."

Hakumwambia anyamaze. Nje wenzake walikuwa wanakuja wakigombania viti kabla hawajafika. Nasrin alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akavuta kiti, akaanza kuchapa, akivipiga vitufe kwa nguvu kana kwamba vilimkosea yeye.